Maisha ya Mahali Yapimwe kwa Nini?



Sisi watu wa reli twahamishwa mara kwa mara, leo Mombasa, mwakani Voi, kisha Kisumu, kwa hiyo habari hii twaijua kwa kuikanyaga. Kila tukiomba nyongeza twaambiwa kwamba huko maisha ni rahisi. Basi twauliza, rahisi kwa kipimo gani?

Sheria ya Kenya ya mshahara wa chini yaigawa nchi mafungu matatu: miji mikubwa kama Nairobi na Mombasa, miji mingine, halafu mahali pengine pote. Fungu la mwisho ndilo lenye mshahara mdogo. Ni kweli kodi ya chumba Voi haifiki ile ya Mombasa, hilo hatulikatai. Lakini debe la maji je? Nauli ya kumfikisha mtoto hospitali kubwa je? Na sukari na sabuni, ambazo zimepanda lori toka mjini?

Kipimo kibovu si jambo geni. Zamani mshahara wa chini ulihesabiwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na mke wala mtoto. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter ilisema wazi kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini, katika kazi za watu binafsi, hawakupata mshahara wa kutosha mahitaji ya lazima. Upungufu ulijazwa na mke aliyebaki shambani, kwa jembe lake, na jembe hilo hakuna karani aliyeliandika.

Mwaka 1990 Umoja wa Mataifa ulitoa kipimo cha kulinganisha nchi kwa vitu vitatu: miaka ya kuishi, elimu na mapato. Mwanzoni vilijumlishwa na kugawanywa kwa tatu, hata fedha nyingi zikaweza kufunika ukosefu wa shule. Mwaka 2010 hesabu ikabadilishwa, vikawa vinazidishwa, ili penye pengo paonekane. Nasi twataka vivyo hivyo: chumba rahisi kisifunike zahanati iliyo mbali.

Kwa hiyo kila tawi lichague nyumba tano, ziandike mwezi mzima: kodi, unga, maji, mafuta ya taa, nauli, ada, dawa. Ziandike pia saa za kuteka maji na mwendo wa kufika kwa daktari, hata kama hakuna senti iliyotoka. Waandike wale waendao sokoni, si sisi tusiojua bei ya nyanya. Karatasi zifike kwa katibu kabla hatujakaa na wakubwa kuzungumza mshahara.