Vita isiyoisha, mahabusu isiyoisha

(Mada iliyotolewa kwenye darasa la vijana. Tumeiweka karibu kama ilivyozungumzwa.)

Nimepewa dakika chache, salamu ndefu tuziache.

Nianze na swali. Mwanajeshi wa adui akitekwa vitani, anashtakiwa kwa kosa gani? Hashtakiwi. Anashikiliwa ili asirudi kupigana, basi. Mkataba wa Geneva wa 1949 unataka aachiwe mapigano yakiisha. Huo ni utaratibu wenye akili kabisa, tena una utu ndani yake.

Sasa vita yenyewe ikiwa haina mwisho je?

Tarehe 14 Septemba 2001, siku tatu baada ya mashambulizi, Bunge la Marekani lilimpa rais ruhusa ya kutumia nguvu dhidi ya waliohusika. Sentensi yenyewe ina maneno 60 tu kwa Kiingereza. Wawakilishi 420 wakasema ndiyo, akakataa mmoja, mama Barbara Lee. Humo hakuna neno kuhusu kumweka mtu kizuizini. Lakini ndo maneno hayohayo yaliyobeba Guantanamo, gereza lililofunguliwa Januari 2002 na kupitisha watu wapatao 780, wengi wao bila shtaka lolote.

Kwa nini Cuba? Kwa sababu serikali ilipiga hesabu kwamba mahakama za Marekani hazifiki kule. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ikaikatalia. Siku hiyohiyo, kwenye kesi ya Hamdi, ikasema raia anaweza kushikiliwa kama mpiganaji, ila lazima aambiwe sababu na apewe nafasi ya kuzipinga mbele ya mtu asiye na upande. Mwaka 2008, kesi ya Boumediene, ikasema hata mgeni aliyeko Guantanamo ana haki ya kikatiba ya kwenda kwa jaji kuuliza nimefungwa kwa nini. Majaji 5 kwa 4. Kura moja, jamani!

Msidhani haya ni ya mbali. Mkenya mmoja alikamatwa Mombasa Februari 2007, akapelekwa huko, akaachiwa Desemba 2024. Hesabuni wenyewe. Hakuwahi kushtakiwa.

Na yupo Mtanzania, Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar. Huyu alihusishwa na mabomu ya tarehe 7 Agosti 1998, Nairobi na hapa Dar, yaliyoua watu 224. Mimi simtetei, waliokufa ni ndugu zetu. Lakini angalieni kilichotokea. Walimtoa Guantanamo wakampeleka mahakama ya kawaida New York. Jaji akamkataa shahidi muhimu, kwa sababu jina lake lilipatikana kwa kumbana mtuhumiwa kinyume cha sheria. Mwaka 2010 wazee wa baraza wakamtia hatiani kwa shtaka moja kati ya 285. Watu wakapiga kelele, eti mahakama za kiraia ni dhaifu. Shtaka hilo moja likampa kifungo cha maisha! Sasa udhaifu uko wapi hapo?

Turudi nyumbani. Sisi tulikuwa na sheria ya kizuizini tangu 1962, rais anasaini, mtu anaingia ndani. Tume ya Nyalali iliiweka kwenye orodha ya sheria 40 kandamizi. Siku hizi hiyo wala haihitajiki sana. Mwaka 2002 tukapata Sheria ya Kuzuia Ugaidi, na ugaidi hauna dhamana. Ukishaandikiwa shtaka hilo unakaa mahabusu, upelelezi "unaendelea". Masheikh wa Uamsho walikaa miaka, wakaachiwa Juni 2021 mashtaka yalipofutwa. Freeman Mbowe alikamatwa Mwanza Julai 2021 kwenye harakati za katiba mpya, akatoka Machi 2022 DPP alipoiondoa kesi. Hakuna aliyeambiwa pole.

Mnaona tofauti? Guantanamo walikosa shtaka. Huku shtaka lenyewe ndo kizuizi.

Wapo watakaosema magaidi wapo kweli. Wapo, Dar tuliwaona. Ndiyo maana nataka wafikishwe mahakamani haraka, ushahidi uonekane, wakutwe na hatia wafungwe.

Wiki ijayo kila mtu aje amesoma kifungu cha 4 cha sheria ya 2002, pale panapoelezwa ugaidi ni nini. Halafu mniambie kama mgomo wa daladala unaweza kuingia humo au hauwezi. Maswali, karibuni.