Maradhi ya Mkojo kwa Mama Mwenye Mimba

Jioni ya leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi huona haya kulitaja, nalo ni maradhi ya njia ya mkojo kwa mama mwenye mimba. Wazee wetu walisema, Mficha uchi hazai. Basi na tuliseme waziwazi.

Mkojo hutoka katika mafigo, hushuka kwa mirija miwili mpaka kibofuni. Mwanamke achukuapo mimba, mirija ile hulegea, na tumbo la uzazi likikua huibana. Mkojo hukawia njiani, na vijidudu, ambavyo aghalabu hutoka katika njia ya choo kikubwa, hupata nafasi ya kuzaana.

Dalili zake ni kuchomwa wakati wa kukojoa, maumivu chini ya kitovu, na kwenda haja ndogo mara kwa mara. Lakini hili la mwisho humpata hata mja mzito aliye mzima, ndiyo sababu wengi hawashtuki. Tena wako wasiosikia maumivu yo yote. Mwaka 1960 daktari Edward Kass wa Boston, Marekani, alieleza ya kuwa baadhi ya akina mama kama hao, wasipotibiwa, vijidudu huwapanda mafigoni. Waliotibiwa mapema waliepukana na balaa hiyo.

Vikifika mafigoni, huja homa kali, kutetemeka, maumivu ya kiunoni na kutapika. Mama aweza kufa, na mtoto aweza kuzaliwa kabla ya siku zake, mdogo na dhaifu.

Basi mama na aende kliniki mapema, mkojo wake upimwe ingawa hasikii maumivu. Akipewa dawa, azimalize zote hata akipata nafuu. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri siku 7. Asinywe dawa za jirani, maana ziko zimdhuruzo mtoto tumboni. Anywe maji ya kutosha, asizuie mkojo, na ajipanguse kutoka mbele kwenda nyuma.

Nanyi waume, nanyi mama wakwe, mkimwona ana homa na kutetemeka, msingoje asubuhi, mpelekeni hospitali. Kuchukua chupa ndogo ya mkojo mbele ya mkunga si aibu. Haya ya siku moja isitupotezee watu wawili.