MOSHI MWEUSI
Mazungumzo na madereva na wenye kamyo wa Kilwa

Ninyi madereva na wenye kamyo, na ninyi wavuvi na wakulima mnaowapa mizigo yenu, sikilizeni. Leo tutasema habari za hewa na mazutu katika kamyo za zamani zenye turbo.

Njia ya kutoka Kilwa kwenda Lubumbashi mwaijua wenyewe. Ni zaidi ya kilomita 300, tena ni ya kupanda. Maana ziwa Mweru liko meta 900 na zaidi juu ya bahari, na Lubumbashi iko meta 1,200 hivi. Samaki hawangoji. Kamyo ikilala njiani siku mbili, barafu imekwisha, samaki wameoza, na mali ya watu wengi imepotea. Kwa hiyo dereva akiona kamyo imekosa nguvu mlimani, humwambia fundi, "Fungua pompa, ongeza mazutu." Neno hili limeua mashine nyingi. Nitawaeleza sababu yake.

Mashine hula vitu viwili, mazutu na hewa. Tazameni moto wa jikoni. Ukijaza kuni na kuziba njia ya hewa, moto hauzidi. Moshi ndio unaozidi. Lita moja ya mazutu haiwezi kuungua yote isipopata lita 10,000 hivi za hewa ya pwani. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi, basi zatakiwa zaidi ya lita 11,000.

Kwa sababu hiyo turbo hutufaa sana. Ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa katika mhimili mmoja. Moshi utokao katika mashine hulipiga gurudumu la kwanza, nalo huzunguka. La pili huzunguka pamoja nalo, huvuta hewa na kuishindilia ndani ya mashine. Bwana Alfred Büchi wa Uswisi ndiye aliyeandikisha shauri hili mwaka 1905. Mhimili ule huweza kuzunguka zaidi ya mara 50,000 kwa dakika moja, nao hulindwa na mafuta ya mashine tu.

Sasa tazameni pompa. Katika kamyo nyingi za namna hii, juu ya pompa kuna kikopo chenye utando mwembamba ndani yake. Bomba dogo hutoka katika njia ya hewa na kuingia katika kikopo hicho. Turbo isiposhindilia, pompa hutoa mazutu kidogo. Hewa ikizidi, huusukuma utando, na pompa huongeza mazutu. Mmeona? Hewa hutangulia, mazutu hufuata. Anayefungua skurubu ya pompa ameigeuza desturi hiyo.

Tufikiri mpira wa hewa umepasuka karibu na turbo. Hewa inatoka nje, mashine inakosa pumzi. Fundi anavunja lakiri ya risasi na kuongeza mazutu. Siku ya kwanza labda kamyo itapanda vizuri kidogo, na watu watamsifu fundi. Lakini moto ndani ya mashine umepita kiasi. Pistoni ni za aluminiamu, na aluminiamu huyeyuka kwa joto la digri 660 hivi. Katika mlima mrefu, na mzigo umejaa, pistoni inatoboka. Mpira ulikuwa wa bei ndogo. Mashine ni mali ya miaka mingi.

Basi, kabla ya kushika skurubu, usome moshi.

1. Nguvu imepungua na moshi ni mweusi: hewa haitoshi. Tazama chujio la hewa, mipira, vibano vyake, na turbo yenyewe.

2. Nguvu imepungua na moshi mweusi hakuna: mazutu hayatoshi. Tazama chujio la mazutu, na lile bomba dogo la kikopo. Likitoboka au likiziba, pompa haina habari ya hewa.

3. Moshi ni wa bluu: mafuta ya mashine yanaungua. Huenda turbo inavuja, au pistoni zimelika.

Shikeni na desturi hizi. Wakati wa kiangazi, vumbi likiwa jingi, tazameni chujio la hewa kila siku. Msilitoe kabisa ili kamyo ipate pumzi. Vumbi hula mapanga ya turbo kama msasa. Mazutu ya kununua katika madumu yatulizeni usiku kucha, myamimine polepole kupitia kitambaa safi, na yale ya chini msiyatie. Maji na uchafu huharibu pompa na matundu ya nozo, ambayo ni membamba sana. Tena, baada ya kupanda mlima msizime mashine mara moja. Iacheni ingurume polepole dakika tatu, mafuta yapoze turbo.

Ninyi mnaopakia mizigo, msimharakishe dereva anayesimama kutazama mipira yake. Analinda samaki wenu. Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Dalili ya mashine ni moshi. Mwenye kuusoma mapema atafika Lubumbashi, na mzigo wake atauuza.