Kijiti Mkononi mwa Mtoto

Leo tumekusudia kusema habari ya michoro ya mtoto wa miaka miwili. Mtu ashukaye pwani ya Kaole wakati wa maji kupwa huweza kumwona mtoto ameketi mchangani, akikwaruza kwa kijiti. Wengi husema huo ni upuuzi. Sisi hatukubali.

Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo 8. Mtoto azaliwapo, yote bado ni gegedu laini, nayo hugeuka mifupa mmoja mmoja. Wa mwisho hauanzi kabla ya miaka 8 hivi. Misuli ya vidole nayo hukomaa polepole. Kwa hiyo mtoto wa mwaka mmoja na nusu hushika kijiti kwa ngumi, na mstari wake hutoka begani. Akikaribia miaka miwili hupiga mstari wa kusimama. Apatapo mitatu hufunga duara. Na wa minne aghalabu huchora mtu, kichwa kikubwa chenye miguu iliyotoka kidevuni, wala tumbo hana! Tusimcheke. Bibi Rhoda Kellogg wa Marekani, aliyekusanya picha za watoto zipatazo milioni moja, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kwamba mikwaruzo hiyo ina namna 20 za asili.

Lakini mtoto huyo akichora kwa mkaa juu ya chokaa mpya, hupigwa. Na baba yuyo huyo, kabla mtoto hajatimiza miaka minne, humkazia vidole juu ya kalamu, akidai herufi. Ukuta hupakwa tena kwa nusu siku. Mtoto aliyefunzwa kuogopa mkaa hutujia shuleni amekunja mkono, nasi hushinda miezi tukimbembeleza aufungue.

Basi atengewe pembe ya ua, imwagwe mchanga. Mama asukaye mkeka ampe vipande vya ukindu avipindepinde. Achambuaye mchele amketishe karibu, ila asimwache peke yake na punje wala kunde, kwa maana katika umri huo kila kitu huenda kinywani.

Na akishika kijiti kwa mkono wa kushoto? Kula, ale kwa wa kulia kama ilivyo desturi yetu; kuchora, achore kwa mkono autakao.