Uliza Kabla ya Kutupa



Tuseme kijana wa Mkomani anasafisha ghala ya marehemu babu yake. Chini ya makuti makuukuu anakuta kijiti cha duara chenye chuma nchani, kipande cha mti chenye tundu, kinachoenea kiganjani, na upinde mfupi. Anadhani ni upinde wa kuwindia ndege, lakini mishale haioni. Nje mnunuzi wa vyuma chakavu anapita. Afanye nini?

Kwanza, asivisugue wala kuvipaka rangi, kwa maana alama za kazi ndizo zitakazosema. Atazame mti ulipolainika: hapo ndipo uliposhikwa. Atazame kijiti: kimelika kwa kuzungukwa na kamba. Atazame chuma: ni bapa, kimenolewa pande zote mbili, basi kilikata kikienda na kikirudi. Hiki si cha kuwindia, ni cha kutobolea.

Halafu aende kwa mzee aliyeunda majahazi. Mzee atamwambia mara moja, "Mjukuu wangu, hii ni keekee." Mkono mmoja hukandamiza kipande cha juu, wa pili huvuta na kusukuma upinde, na kijiti huzunguka. Fundi alitoboa kwanza, ndipo akapigilia msumari, asije akapasua ubao. Na mitepe ya zamani haikuwa na misumari. Mbao zake zilitobolewa na kushonwa kwa kamba za makumbi.

Huko huko Mkomani uko mnara wa kumkumbuka Johann Ludwig Krapf. Alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Alikuwa mgeni, hakujua kitu kinaitwaje. Aliuliza, akaandika. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufa. Hakuona haya kuuliza.

Ndugu zangu, someni Yoshua mlango wa 4. Mawe kumi na mawili yalitolewa Yordani ili watoto wapate kuuliza na wazazi wapate kujibu. Mawe peke yake hayasemi. Hata keekee ikiwekwa Fort Jesus nyuma ya kioo, ni nani atakayetuonyesha jinsi ya kuivuta, ikiwa wazee wameondoka bila kuulizwa? Chuma kikiuzwa kwa kilo, huenda ukapata kingine. Mzee akienda na ujuzi wake, hutaununua popote.

Basi juma hili, twaa kitu kimoja cha nyumbani usichokijua jina, kaa mkekani kwa mzee, umwulize. Nawe mzee, usiseme vijana hawataki kusikia. Ukiulizwa, jibu. Usipoulizwa, mwite mjukuu, umtie upinde mkononi.

Bwana atusaidie. Amina.