Tutengeneze Moja Kwanza
(Maneno kwa vikundi vya Migosi, Kisumu)

Kabla kikundi hakijatoa pesa za majiko mia, tutengeneze moja, tulipime.

Jiko la bati na udongo lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980 lilianza hivyo. Wabunifu waliangalia jiko la ndoo la Thailand, wakajaribu, wakarekebisha, mpaka likapata kiuno, udongo ukakaa juu tu.

Siku hizi kompyuta huchora jiko na kukadiria joto. Lakini kompyuta haisongi ugali! Sisi tupime makaa kwa mizani, tuchemshe maji kipimo kimoja, jiko la zamani na jipya. Kisha mama mmoja apikie wiki mbili. Likipasuka moja, tutarekebisha. Yakipasuka mia, mchango wetu umekwenda.