Luapula: Mto Mmoja, Inchi Mbili

Wababa, wamama, na ninyi vijana wa kambi, jioni hii nitasema juu ya mto ambao wengi wetu tunaujua kwa samaki wake tu.

Luapula inatoka katika mabwawa ya Bangweulu, upande wa Zambia. Kwanza inashuka kusini kama mtu aliyepotea njia, halafu inazunguka na kuelekea kaskazini mpaka ziwa Moero. Kule Pweto maji yanatoka ziwani kwa jina jipya, Luvua, na kule Ankoro yanaingia Lualaba.

Zamani mto huu haukumtenga mtu na ndugu yake. Walunda wa Mwata Kazembe walifika toka magharibi katika karne ya 18, wakajenga mji wao ng'ambo ya mashariki, na mulambo ulimfikia mfalme toka ng'ambo zote mbili.

Tarehe 12 Mei 1894, Waingereza na Leopold, mfalme wa Wabelgiji, wakaandikiana karatasi: mpaka ufuate mto. Mwata Kazembe hakuitwa mezani. Toka pale mto unapotoka mabwawani, walivuta mstari kwenda kusini. Ndiyo sababu kipande cha Kongo kimeingia ndani ya Zambia kama kidole. Hata leo, mtu wa Zambia akitoka Mufulira kwenda Mansa kwa njia fupi, anapita inchi yetu!

Upande wetu ulitawaliwa na Comité Spécial du Katanga toka 1900 hata 1910, serikali na kompanyi ndani ya nyumba moja. Mwaka 1912 Katanga ikapata distrikti nne, moja ikaitwa Haut-Luapula. Mwaka 2015 Katanga ikakatwa tena mara nne, na bonde likawa la Haut-Katanga. Mvuvi alisikia majina haya yote akiwa mahali palepale, na wavu uleule.

Wagiriki wa Kasenga walinunua samaki wake, wakatia barafu, wakapeleka kwa malori Élisabethville, ndiyo Lubumbashi. Sahani ya mfanyakazi wa migodi ilitoka kule. Wazee wanakumbuka mpumbu walivyojaa wakati wa mvua. Walivuliwa na mayai tumboni, wakapunguka sana.

Sasa Zambia inafunga uvuvi toka Desemba hata mwisho wa Februari, ili samaki wazae. Lakini samaki hana pasiporti. Akivuka katikati ya mto, sheria ya ng'ambo ile inamwacha. Basi tuwaulize wakubwa wetu: mvuvi atakula nini miezi hiyo mitatu?